Boksi la Chuseok na kiinua mgongo changu

(Maneno haya niliyasema Seoul mbele ya Waswahili wenzangu, Septemba 2025, wiki chache kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, vicheko tu ndivyo nimeviacha.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo?

Walionialika waliniomba nizungumze juu ya maisha ya kazini Korea. Mada hiyo ni bahari, nami sina jahazi. Nitazungumza juu ya boksi moja tu. Wewe unayefundisha hapa utalikuta mezani kwako siku si nyingi: boksi pana, bapa, lenye mfuko wake wa karatasi ngumu, na ndani vitu vimelazwa kwenye vishimo kama mayai kwenye trei. Hiyo ndiyo zawadi ya Chuseok. Itakuja tena Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Mara mbili kwa mwaka nchi nzima inabebeana maboksi, na mara mbili kwa mwaka walimu wa kigeni hunipigia simu wameudhika.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Wazazi walihamia Kanada nikiwa na miaka 12, na pasipoti ya Kanada ndiyo iliyonifungulia mlango huu. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, Uganda haimo, hata kama umechapwa viboko kwa Kiingereza tangu chekechea. Hilo lina hotuba yake, tuliache.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hagwon. Hagwon ni kituo cha tuisheni, lakini usiwazie tuisheni ya chini ya mwembe. Ni biashara ya ghorofa, ina mabasi yake ya njano, na mtoto akitoka shule anaingia kwako mpaka giza. Tulikuwa walimu saba: Wakorea wanne, wageni watatu. Siku ya mwisho kabla ya likizo, mkuu wa kituo, wonjang kwa lugha yao, akatuita ofisini mmoja mmoja. Wakorea walitoka na boksi la mapea, yale mapea ya huku makubwa kama dafu changa, kila moja limevishwa soksi ya sponji, na juu ya boksi bahasha nyeupe. Sisi wageni tulitoka na makopo tisa ya Spam na chupa mbili za mafuta ya kupikia.

Spam, ndugu zangu. Kitimoto cha kopo. Na mimi nilikuwa nimejitanda mtandio mbele ya yule mama tangu siku aliyonipokea uwanja wa ndege.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikainama, nikasema gamsahamnida, nikambeba nguruwe wangu mpaka kwenye treni ya chini ya ardhi. Humo behewani kila mtu ana mfuko wa namna ile. Vijana wa ofisi, mzee mwenye kofia, mama amelala na mfuko mapajani. Kwa mara ya kwanza nikajiona mkazi. Nikafika nyumbani, nikakaa sakafuni, nikasoma ubavuni mwa kopo neno nililokuwa nimeshajifunza kulikwepa mikahawani, dwaejigogi, nyama ya nguruwe. Nikalia. Msidhani nililia kwa ajili ya dini, kopo lililofungwa halimtoi mtu kwenye Uislamu. Nililia kwa ajili ya ile bahasha nyeupe.

Mmarekani mwenzetu hakulia. Yeye aliliweka boksi lake juu ya pipa la taka la ofisi, likae pale lionekane, akaenda zake likizo. Tuliporudi boksi lilikuwa limeondolewa, na tabasamu la wonjang nalo limeondoka. Hakuna aliyemwambia neno. Huku ukikosea huambiwi, unaachwa uendelee kukosea.

Sasa niwaambie nilichokuja kukijua mwaka wa pili, kwa kinywa cha mwalimu wa Kikorea tuliyekuwa tunakaa meza moja. Ile bahasha ilikuwa na won 100,000. Wao huiita tteokgap, bei ya tteok, na tteok ni mkate wa mchele wa sikukuu. Ni jina la adabu, kama sisi tunavyosema "ya soda" au "ya chai". Na kama chai yetu ilivyoharibika jina, tteokgap nayo ukiisikia kwenye taarifa ya habari ujue kuna mkubwa kahongwa. Basi won 100,000 mara mbili kwa mwaka. Chumba changu mimi, wonjang alikuwa akikilipia won 400,000 kila mwezi. Wale wanne walikuwa wakijilipia kodi wenyewe, na mshahara wao wa mwezi ulikuwa chini ya wangu. Nimelia sakafuni, kumbe nimekaa juu ya sakafu iliyolipiwa.

Na Spam? Yule mwenzangu aliona haya kuniambia. Wonjang aliwauliza wao: "Wageni wanakula nini?" Mmoja akajibu: "Wamarekani wanapenda Spam." Basi sote watatu, na mtandio wangu, tukawa Wamarekani.

Lakini pia tusiidharau Spam, maana kwa mama yule haikuwa kitu cha kudharau. Nyama hii iliingia na majeshi ya Marekani wakati wa vita vya 1950 hadi 1953. Nchi ilikuwa majivu. Kopo lililovuka ukuta wa kambi lilikuwa mali. Pale Uijeongbu, kaskazini ya Seoul, watu walichemsha mabaki ya kambini pamoja na kimchi, kabichi yao ya kuchachushwa, na mchuzi huo, budae jjigae, mchuzi wa kambi, leo watu wanapanga foleni kuununua. Tangu 1987 Spam inatengenezwa hapahapa, na baada ya Marekani yenyewe hakuna nchi inayoila kama Korea. Zawadi za sikukuu zimepita njia hiyohiyo. Miaka ya 1960 zawadi ya maana ilikuwa sukari. Wazee mliokuwepo Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, mliopanga foleni ya kilo moja ya sukari tangu alfajiri, hamhitaji nieleze. Ikaja zamu ya sabuni, vipodozi na kahawa ya unga, kisha nyama, matunda na makopo ya jodari, kisha hati za manunuzi za maduka makubwa. Mtu anayekupa Spam kwenye boksi la dhahabu anakupa, bila kujua, kumbukumbu ya mama yake.

Na sisi tuna yetu. Mwezi wa Ramadhani ukiisha, mtoto anapita nyumba kwa nyumba: nipe mkono wa Idi! Seollal hapa, watoto wanavaa hanbok, vazi lao la asili, wanasujudu mbele ya babu na bibi, wanapewa pesa mpya kwenye kibahasha, sebaetdon. Ni mkono wa Idi uleule, ila wao wanapiga goti na kipaji sakafuni, sisi tunakimbilia nyumba inayofuata. Na maofisini kwetu, nani hajui mfuko wa mchele, dumu la mafuta na kuku mwisho wa mwaka? Kwa hiyo tusijifanye tumetoka sayari nyingine. Ukipewa mchele Tanga unajua umepewa nini. Ukipewa shampuu na dawa ya meno Daejeon unaanza kujinusa kwapa. Ile ni seti ya kawaida kabisa, ndugu yangu, hakuna aliyesema unanuka.

Nimesema vya kuchekesha. Sasa nije kwenye kilichonileta.

Hagwon yangu ya pili ilikuwa mji mwingine. Wonjang alikuwa mwanamume mcheshi, mkarimu, anajua kila mwalimu ana watoto wangapi. Seollal ya kwanza akanipa hongsam, mzizi wa dawa uitwao jinseng, uliopikwa kwa mvuke ukakaushwa mpaka ukawa mwekundu, kwenye boksi lililofungwa bojagi, kile kitambaa chao cha kufungia, zambarau, fundo lake kama ua. Na kabla ya kunipa aliniuliza: "Mwalimu, hii kwako ni halali?" Aliuliza! Baada ya makopo tisa ya mwaka ule, hebu fikirini. Nikampigia mama Kanada usiku huohuo.

Wakati huohuo kwenye karatasi yangu ya mshahara palikuwa na makato ya asilimia 3.3. Walimu mliopo hapa naona mnatazamana. Mkataba wangu ulisema pensheni na bima ya afya, nusu kwa nusu. Lakini 3.3 ni kodi anayokatwa mtu aliyejiajiri, asiye na mwajiri, na ukiandikwa hivyo mwajiri hachangii pensheni yako hata won moja. Nikamuuliza mwezi wa Juni. Akasema mhasibu anashughulikia, akanipa tikiti maji. Chuseok ikafika. Nikapewa gulbi: ng'onda wa Yeonggwang, samaki wadogo wa rangi ya manjano waliotiwa chumvi wakakaushwa, kumi, wamefungwa shingoni kwa kamba ya majani. Nilipomfungua wa kwanza jikoni nikasikia harufu ya Deep Sea, soko la samaki la kwetu, na sikuuliza tena habari za asilimia 3.3.

Mwezi wa kumi na moja akaniita. Wanafunzi wamepungua, hali ngumu, anaona uchungu sana. Akasukuma karatasi mezani. Nikatia saini.

Ile karatasi ilikuwa sajikseo, barua ya kuacha kazi kwa hiari. Nilikuwa na siku 351 kazini. Kiinua mgongo cha Korea, toejikgeum, ni walau mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka wa kazi, na sharti lake ni mwaka mmoja mzima. Nilipungukiwa siku 14. Nilijua kusoma Kikorea cha kutosha kuelewa karatasi ile, hilo lazima nilikiri mbele yenu. Niliielewa. Nilitia saini kwa sababu niliona haya kubishana na mtu niliyekula ng'onda wake.

Wazee walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mimi nilidhani wanawasema wadoezi.

Rafiki yangu Mkorea ndiye aliyeniamsha. Alikaa na kalamu. Mshahara milioni 2.1, fungu la mwajiri la pensheni wakati ule asilimia 4.5, maana yake won 94,500 kwa mwezi. Miezi kumi na moja, imevuka milioni moja. Akaniuliza hongsam bei gani, tikiti bei gani, gulbi bei gani. Tukajumlisha, haikufika laki tatu na nusu. Akasema: "Kwa hiyo zawadi alizinunua nani?"

Nikapiga 1350, namba ya Wizara ya Kazi, wana wakalimani. Nikaenda ofisi ya kazi, na habari ya pensheni nikaipeleka kwenye shirika lao la pensheni. Ofisi ya kazi tulikalishwa pamoja, wonjang na mimi, mbele ya mkaguzi mwenye mafua. Mkataba wa Kikorea hauandiki majina kila mahali. Mwajiri anaitwa gap, wa kwanza, mwajiriwa anaitwa eul, wa pili, na gap anayemwonea eul wamemtungia neno zima, gapjil. Mkaguzi alikuwa akisoma: gap atafanya hiki, eul atafanya kile. Wonjang akamkatiza, na niwaambie kweli, macho yalikuwa na machozi. "Nimemtunza kama mwanangu. Seollal nilimpa hongsam!"

Mkaguzi akapenga kamasi, hakuinua kichwa. "Imeandikwa kwenye mkataba?"

Nikafurahi moyoni. Halafu akanigeukia mimi na ile sajikseo. "Na hii saini ni yako?"

Michango ya pensheni ilirudishwa yote, ilichukua miezi. Kiinua mgongo sikukiona. Na mpaka leo siamini kwamba yule bwana alikuwa tapeli wa kunitega kwa samaki. Naamini alinipenda, na aliniibia, kwa mikono ileile miwili. Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaoanza: zawadi ipokee, ishukuru, ile. Karatasi ya mshahara isome siku hiyohiyo, kabla hujafungua boksi. Zawadi ni daftari moja, mshahara daftari jingine. Anayekwambia ni familia, mwambie asante, kisha muulize familia inachangia pensheni yako kiasi gani.

Upande wa pili wa mkono, yaani sisi kuwapa wao, nitapita haraka, ila kwa walimu wa shule za serikali nisipowaambia nitakuwa nimewafichia shimo.

Kuna sheria inaitwa kwa jina la mwanamke aliyeipendekeza, Kim Young-ran, jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu yao ya juu kabisa. Ilianza kutumika tarehe 28 Septemba 2016. Inawabana watumishi wa umma, waandishi wa habari na walimu wa shule, za serikali na za binafsi. Hagwon haimo. Zawadi ya kawaida mwisho won 50,000. Mazao ya shamba na bahari yamepandishwa mpaka 150,000 tangu 2023, na msimu wa Chuseok na Seollal mara mbili yake, 300,000, maana wakulima na wavuvi walilia kwamba sheria imewaua. Lakini viwango hivyo ni kwa watu wasiokuwa na jambo baina yao. Anayekupa alama au anayekuongezea mkataba, usimpe kitu. Mwanafunzi kwa mwalimu wake, hakuna kitu. Mkubwa kumpa wa chini yake, ruksa. Mto unateremka tu, haupandi.

Watanzania mnakumbuka takrima. Mwaka 2000 tuliiandika kwenye sheria ya uchaguzi kwamba mgombea akikirimu kwa nia njema si rushwa, na 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, maana nani atampima mgombea nia? Wakorea wameona tabu ileile wakaamua kupima won.

Mimi sikujua. Nilipohamia shule ya serikali, Chuseok nikamchukulia mkuu wa shule doti ya kanga na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro. Alipokea kwa mikono miwili, akainama kunizidi. Kesho yake asubuhi nikaitwa ofisi ya utawala. Kanga yangu iko mezani, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, na fomu ya kurudisha zawadi iko pembeni, nitie saini. Mzee mwenyewe alisimama pale, amekuwa mwekundu. Akaniuliza, maandishi haya yanasemaje? Ilikuwa kanga ya WEMA HAUOZI. Nikamtafsiria. Akanyamaza, akaitazama kanga, akaitazama fomu, akasema taratibu: "Ni maneno mazuri. Tafadhali tia saini hapa."

Mwezi Mei, Siku ya Walimu, mtoto wa darasa la nne aliniletea kahawa ya kopo, ya moto, ameificha mfukoni mwa koti. Nikamrudishia. Masikio yake niliyaona mpaka alipokata kona. Sheria ile naipenda, ila siku hiyo sikuipenda.

Ukitaka kukirimu, leta vya kula kwa ofisi nzima ya walimu. Ukitoka safari, korosho, weka meza ya katikati. Hapo hakuna fomu. Na ukipewa boksi usilifungue mbele ya aliyekupa, na usiliuze kwenye Danggeun, ile programu yao ya kuuziana vitu vya mkononi, kabla ya sikukuu kupita. Wonjang wako naye anayo kwenye simu. Baada ya sikukuu uza, utawakuta wenyewe wamekutangulia.

Mwenzangu wa meza, yule wa kwanza aliyenisimulia habari ya bahasha, sasa tunafundisha shule moja. Yeye mume wake analetewa jodari kazini kwao kila Chuseok na watoto hawaligusi kopo. Mimi bado napewa Spam, miaka yote hii, hakuna anayeuliza kama alivyouliza yule aliyeniibia. Basi siku ya kufunga tunakutana kwenye ngazi za dharura, ghorofa ya tatu, kila mmoja na mfuko wake. Tunabadilishana kopo kwa kopo, yeye anahesabu kwa Kikorea, mimi kwa Kiswahili, na mafuta ya kupikia kila mtu anabaki na yake. Jana kanitumia ujumbe: mwaka huu mume wake ameletewa shampuu. Ananiuliza kopo moja la Spam ni sawa na chupa ngapi.